Moyo Unaposhtuka na Sukari Tayari Iko Mwilini: Mwongozo Kamili kwa Familia za Bukavu

Ilikuwa saa kumi alfajiri. Niliamka shuka limelowa, shingo imelowa, na taya la kushoto linauma kama jino bovu. Kifua hakikuuma. Nilikuwa mzito tu, kama mtu aliyepandisha gunia la makala kutoka ziwani hadi Kadutu bila kulitua. Mdogo wangu wa kike, ambaye tunalala chumba kimoja, aliwasha tochi ya simu, akanitazama usoni, akasema: "Yaya, iko sukari hiyo, imeshuka. Ngoja nikukorogee maji ya sukari." Nikakubali mara moja. Nina ugonjwa wa sukari miaka 11 sasa, na tansiyo, yaani shinikizo la damu, miaka 6, na kila kinachoniuma nimezoea kukitia katika kapu hilo moja.

Kabla ya kunywa nikakumbuka kujichoma kidole. Kimashine kikasoma 231, kwa miligramu za desilita. Sukari haikuwa imeshuka hata kidogo. Kikombe kilikuwa mkononi mwake, punje za sukari bado zinazunguka ndani, na tukabaki tunatazamana. Ulikuwa moyo. Mshipa mmoja unaoulisha damu ulikuwa umeziba, na hilo tulikuja kuambiwa saa tano baadaye.

Ninaandika haya kwa ajili ya kila nyumba ya Bukavu yenye mgonjwa wa sukari, wa tansiyo, wa figo, au mtoto mwenye selimundu. Ugonjwa mpya hujificha nyuma ya ule wa zamani. Mgonjwa mwenyewe anausingizia ule wa zamani, ndugu wanausingizia, na hata muuguzi wa zamu anaweza kuusingizia. Saa zinazopotea hapo ndizo saa ambazo nyama ya moyo inakufa.

Kwa nini kifua kinaweza kukaa kimya

Sukari ikikaa juu kwa miaka mingi huharibu neva. Wengi wetu tunalijua hilo miguuni: ganzi, moto wa nyayo, kukanyaga msumari bila kuusikia. Neva zinazopeleka habari ya maumivu kutoka moyoni zinaweza kuharibika vilevile. Ndiyo maana mwenye sukari anaweza kupata shambulio la moyo bila yale maumivu makali ya kifua ambayo watu wanayategemea. Wanawake na wazee pia mara nyingi huonyesha dalili zisizo wazi.

Basi usisubiri kifua. Jasho la baridi bila kazi na bila homa. Pumzi kukata ghafla, hasa ukilala chali. Uzito au kubanwa katikati ya kifua, maumivu yanayopanda taya, shingo, bega, mkono, au mgongo katikati ya mabega. Kichefuchefu na tumbo la juu kuchoma kama vidonda vya tumbo. Kizunguzungu, kuzimia, moyo kwenda mbio au kurukaruka bila mpangilio. Uchovu wa ghafla ambao haufanani na uchovu wako wa kila siku. Hii ya mwisho naitilia mkazo, kwa sababu sisi wagonjwa wa miaka mingi tunaujua uchovu wetu kama tunavyojua sauti za watoto wetu. Ukija wa sura nyingine, uuamini mwili wako.

Moyo hushtuka kwa njia zaidi ya moja. Kuna mshipa kuziba, kama yaliyonipata. Kuna mapigo kuvurugika, ambayo mgonjwa wa figo yuko karibu nayo sana kwa sababu potasiamu ikipanda kwenye damu inaweza kuusimamisha moyo. Kuna moyo kushindwa kusukuma, maji yakajaa mapafuni, mtu akawa anahema akiwa amekaa na hawezi kulala. Huhitaji kujua ni ipi kati ya hizo ukiwa nyumbani. Zote zinataka jambo moja: kufika haraka mahali penye mashine ya elektro, yaani kipimo cha umeme wa moyo, na oksijeni.

Mambo ya kutayarisha leo, mchana, mkiwa watulivu

Anza na karatasi. Karatasi moja tu, imeandikwa kwa Kifaransa, kwa sababu ndiyo lugha ambayo daktari ataiandikia fishi yako, na usiku hakuna wa kutafsiri. Weka jina, mwaka wa kuzaliwa, magonjwa uliyonayo na mwaka yalipoanza, kila dawa na kipimo chake cha miligramu na saa unayoimeza, dawa zinazokudhuru, na namba mbili za ndugu. Ukiwahi kupigwa elektro ukiwa mzima, omba nakala uibane nyuma yake: daktari akilinganisha ya zamani na ya leo anaona haraka kilichobadilika. Piga picha karatasi hiyo iwe kwenye simu tatu za nyumbani. Yangu imebandikwa ndani ya mlango wa kabati la vyombo, mahali ambapo hata mtoto wa jirani anaweza kuonyeshwa kwa kidole.

Pili ni vipimo. Kimashine cha sukari chenye vijiti visivyopitwa na wakati, na cha tansiyo ikiwezekana, betri zikiwa za akiba. Umeme wetu unaujua. Tochi iwe mahali pamoja, si leo chini ya mto, kesho jikoni.

Tatu, aspirini. Muulize daktari wako sasa, kabla ya siku hiyo: "Nikipata dalili za moyo, niitafune?" Akikubali, aandike kwenye karatasi. Wenye vidonda vya tumbo vinavyotoa damu, wenye kudhurika na aspirini, au wanaotumia dawa nyingine za kuzuia damu kuganda wanahitaji jibu lao wenyewe.

Nne ni pesa, na hapa tuseme ukweli wa mji wetu. Mahali pengi utaulizwa kosyo, pesa ya kutanguliza, kabla ya kitanda. Kama kuna mitweli ya afya, mfuko wa kuchangia matibabu, kwenye parokia au kazini kwako, ingia ukiwa mzima, na uulize waziwazi kama inalipia dharura ya usiku na kama inalipia elektro. Kama uko kwenye likelemba, mchango wa kupokezana zamu, ombeni katika kikao mkubaliane kwamba mwenye dharura ya hospitali anaweza kupewa zamu yake mapema. Sisi tulikubaliana hivyo baada ya yaliyonipata, wanawake 14, na halikuchukua hata nusu saa. Noti za akiba ziwe nzima: dola iliyopasuka ukingoni unajua itakavyokataliwa dirishani, na hiyo si saa ya kubishana. Ziwe na franga ndogondogo pembeni kwa ajili ya gari.

Tano ni njia, na hili ndilo ninaloliona zito kuliko yote. Bukavu imekaa juu ya vilima, mita 1,500 hivi juu ya bahari, na nyumba nyingi za Kadutu, Cimpunda, Nkafu, Panzi hazifikiwi na gari. Kutoka mlangoni hadi lami kuna ngazi za udongo, mitaro, vichochoro vya upana wa mtu mmoja. Mwenye shambulio la moyo hapaswi kupanda hata ngazi kumi. Kila hatua inaudai moyo damu ambayo haupati. Mimi nilipanda. Kutoka kwetu hadi barabarani kuna ngazi 64, nilizihesabu baadaye, na kwenye ya arobaini na kitu nilikaa chini kwenye tope nikaona giza.

Kwa hiyo tafuteni kiti. Kiti cha plastiki chenye mikono kinatosha, kama miguu yake haijapasuka. Wawili wanashika mgongo wa kiti, wawili wanashika miguu ya mbele, wa tano anatangulia na taa. Ni kipoyi kilekile ambacho babu zetu walibebea wagonjwa kutoka vijijini Walungu na Kabare. Fanyeni zoezi Jumamosi moja mchana, mtu mzima mwenye afya akiwa amekaa, mpime dakika. Mara ya kwanza sisi tulitumia dakika 11. Sasa ni 6, kwa sababu tulikubaliana na baba mwenye parseli ya juu afungue lango lake tupite uani, tukiepuka kona mbaya kabisa. Yeye ndiye aliyesema: "Mungelinieleza tangu zamani, mama."

Kisha gari. Si namba ya motari, dereva wa pikipiki, pekee. Tafuta madereva wawili wa teksi au majirani wenye gari wanaokubali kuitwa usiku, na waulize ana kwa ana. Usalama wa usiku katika mji wetu kila mtu anaujua, na asiyeweza kutoka usiku aseme mapema, si vibaya. Simu moja ya nyumbani iwe na yuniti siku zote.

La sita nalipita haraka: nenda wewe mwenyewe au tuma ndugu mchana kwenye hospitali mnayotegemea, iwe Hospitali Kuu ya Rufaa ya mkoa, iwe Panzi upande wa kusini, au nyingine iliyo karibu nanyi, na uulize maswali matatu. Elektro inafanyika usiku? Oksijeni iko? Nani anaisoma elektro daktari wa moyo asipokuwepo? Majibu uyaandike kwenye karatasi. Sentre ya afya ya mtaa ni nzuri kwa mambo mengi, lakini kama haina elektro, si mahali pa kuanzia usiku huo.

Saa yenyewe: nini kifanyike, kwa mfuatano

Mkalishe. Nusu kukaa, nusu kulala, mgongo umeegemea ukuta au mito, magoti yamekunjwa kidogo. Fungua kola, kanga, mkanda. Asitembee, hata kwenda msalani. Mtu mmoja aangalie saa na aandike dalili zilianza saa ngapi. Swali hilo mtaulizwa, na matibabu mengine yanategemea jibu lake.

Mwingine aite gari sasa hivi. Vipimo vifanyike huku gari likiwa njiani.

Choma kidole. Hapa ndipo sukari na moyo vinapotenganishwa, maana sukari ikishuka nayo huleta jasho, kutetemeka na moyo kwenda mbio. Ikiwa chini ya 70, na mgonjwa anameza vizuri, mpe vijiko 3 vya chai vya sukari katika maji au nusu ya glasi ya soda tamu, upime tena baada ya dakika 15. Ikiwa haijapanda, rudia. Ikiwa imepanda na dalili bado ziko palepale, au ikiwa haikuwa imeshuka tangu mwanzo, mchukulieni kama mgonjwa wa moyo. Hamna kimashine na hamjui? Sukari kidogo kwa anayeweza kumeza haina hatari kubwa ya papo hapo, lakini isiwe sababu ya kukaa kusubiri. Aliyepoteza fahamu asimiminiwe kitu chochote kinywani. Kinaingia mapafuni.

Pima tansiyo kama kipimo kipo, andika, basi. Msiongeze vidonge vya tansiyo kwa kubahatisha. Na tafadhali, ile desturi ya kutoboa nifedipini na kuidondosha chini ya ulimi iachwe kabisa: inaweza kuangusha tansiyo ghafla na kuunyima moyo damu hata kile kidogo ulichokuwa unapata.

Aspirini: kama daktari aliikubali, atafune miligramu 300, au nusu ya kile kidonge cha 500 ambacho farmasi zetu zinacho. Atafune, asimeze kizima. Lakini kabla ya hapo mwambie atabasamu, ainue mikono yote miwili, aseme jina lake. Mdomo ukienda upande, mkono mmoja ukianguka, au ulimi ukiwa mzito, huenda ni kiharusi, na aspirini isitolewe nyumbani, kwa maana kinaweza kuwa ni mshipa uliopasuka kichwani. Safari ya hospitali ni ileile.

Sasa neno juu ya karuho, sumu ya kutegewa. Nalisema kwa heshima, maana najua hofu hiyo imekaa katika familia nyingi za Kivu, na baba mkubwa alipiga simu usiku uleule kutoka Bagira akisema nimetegewa kitu kwenye chakula cha harusi ya Jumamosi. Mtu mzima akishikwa ghafla, anatapika, anatoka jasho, wazo la kwanza la wengi ni sumu, na wazo la pili ni dawa ya kumtapisha. Kutapishwa kunaongeza mzigo kwa moyo, kunapoteza maji mwilini, na kunakula saa mbili au tatu. Hata kama ni sumu kweli, hospitali ndiyo yenye uwezo wa kuushikilia moyo usisimame. Mdogo wangu alimjibu vizuri: "Baba mukubwa, tutaongea hayo tukishafika kwa munganga." Akakata simu. Sala nayo haizuiwi na gari, mama alisali njia nzima kutoka kiti cha nyuma.

Kwenda kwa moto, yaani pikipiki, ni chaguo la mwisho kabisa. Ikibidi, mgonjwa akae katikati na mtu mwenye nguvu nyuma yake amkumbatie, kwa sababu anaweza kuzimia njiani.

Na akianguka, haitiki, hapumui, au anakoroma kwa kukatakata kama samaki aliyetolewa majini? Huko si kupumua. Mlaze chali chini, kwenye sakafu ngumu, si kitandani. Kiganja katikati ya kifua, kingine juu yake, mikono imenyooka, bonyeza hadi kifua kizame sentimita 5 hivi kisha ukiache kiinuke tena, mara 100 hadi 120 kwa dakika, yaani karibu mara mbili kila sekunde. Mbadilishane kila dakika 2, maana kunachosha kuliko kutwanga sombe. Msisimame mpaka aamke au apokewe na wenye vifaa. Ubavu unaweza kuvunjika. Endeleeni.

Mlangoni mwa hospitali

Ndugu mmoja awe msemaji, na maneno ya kwanza yawe mafupi: "Ana ugonjwa wa sukari miaka 11. Jasho, pumzi na taya vilianza saa kumi. Sukari ni 231. Tunaomba elektro." Mpe karatasi. Kwa dalili za namna hiyo elektro inatakiwa ifanyike ndani ya dakika 10 tangu mgonjwa afike, kwa hiyo kuiomba si ukorofi.

Mahali nilipopelekwa kwanza walinipima malaria. Ikatoka chanya. Wakanitundikia seramu, yaani dripu ya maji, na kunilaza. Siwalaumu kwa kupima, lakini katika mji wetu mtu anaweza kuwa na vimelea vya malaria damuni na bado kinachomuua ni kitu kingine. Saa mbili zilipita hivyo, mdogo wangu wa kiume akafika kutoka mtaa wa Essence, akamwambia daktari kwa sauti ya chini lakini bila kuondoka mbele yake: "Dokta, yaya yangu hana homa. Iko na sukari tangu myaka kumi na moja. Mumupime moyo kwanza, malaria tutameza hata kesho." Pale hapakuwa na elektro. Nikahamishwa. Mashine ilipochora ile mistari, daktari kijana hakusema kitu, alimwita mwenzake kwa mkono.

Yapo mambo ambayo mwenye ugonjwa wa muda mrefu lazima aseme au asemewe hapo. Seramu nyingi kwa moyo ulioshindwa kusukuma inaweza kujaza mapafu, kwa hiyo uliza kwa adabu, "Seramu hii ni ya nini, na itaingia kiasi gani?" Kinini ya kudungwa inaweza kushusha sukari na kuvuruga mapigo, waambie una sukari na moyo unashukiwa. Sindano ya maumivu ya diklofenaki si rafiki wa moyo wala wa figo. Metformini, kidonge cha sukari, mara nyingi husimamishwa kwa muda mgonjwa akiwa mahututi, na huenda ukapewa insulini hata kama hukuwahi kuitumia. Haimaanishi umekwisha. Mgonjwa wa figo aseme siku yake ya mwisho ya kusafishwa damu.

Elektro ya kwanza ikiwa safi na dalili zinaendelea, omba irudiwe. Kipimo cha damu cha troponini nacho kinaweza kuwa chini saa za mwanzo kisha kikapanda. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hufaa zaidi ndani ya saa 12 tangu dalili zianze, na kila saa inayopita inapunguza faida yake; haipatikani kila mahali, na si ya kila mgonjwa. Kufungua mshipa kwa mrija ni kazi ya hospitali yenye vifaa maalumu, na wengine wa kwetu huelekezwa Kigali. Ndiyo maana hati za kuvukia Ruzizi, za mgonjwa na za msindikizaji, ziwe katika bahasha moja na zisiwe zimepitwa na muda.

Kurudi nyumbani na magonjwa mawili

Nililala hospitalini siku 9. Niliporudi nilikuwa na vidonge aina 7 na kichwa kimejaa woga.

Dawa za moyo na za sukari zinaingiliana, na hakuna aliyenieleza hili mpaka nilipouliza. Dawa za jamii ya bisoprololi au atenololi, zinazopunguza mwendo wa moyo, zinaweza kuficha dalili za sukari kushuka. Zamani sukari ikishuka nilitetemeka na moyo ukapiga ngoma. Sasa kengele hizo hazilii. Iliyobaki mara nyingi ni jasho. Ukiwa kwenye dawa hizo, jasho lisilo na sababu ni amri ya kujichoma kidole, hata kama uko kanisani. Na dawa hizo zisikatwe ghafla, maana moyo unaweza kurudi na kishindo.

Vidonge visigawanywe nusu ili vifike mwisho wa mwezi. Barabara zikifungwa au mpaka ukifungwa, dawa hupotea farmasini ndani ya siku chache, kwa hiyo mimi hununua nikiwa bado na za wiki 2. Natazama tarehe na pakiti yenyewe, sinunui vidonge vilivyokatwa vipandevipande na kuwekwa kwenye kikaratasi. Insulini ambayo haijafunguliwa hutaka baridi. Pasipo friji tunatumia vyungu viwili, kidogo ndani ya kikubwa, mchanga uliolowa katikati yao na kitambaa kibichi juu. Hali ya hewa ya Bukavu inatusaidia. Iliyofunguliwa nyingi hudumu wiki 4 mahali pasipo na joto wala jua.

Chakula: chumvi ndiyo ya kwanza kupunguza. Chumvi yote ya siku, pamoja na iliyojificha, isizidi gramu 5, kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa. Makayabo, samaki wa chumvi, ina chumvi nyingi hata ukiiloweka usiku kucha, na vile vidonge vya supu tunavyovunja kwenye lengalenga ni chumvi tupu. Sambaza, visamaki vya ziwa letu, wasiokaushwa na wakipikwa na limau, kitunguu na pilipili hawajawahi kunikosesha hamu ya kula. Bukari, ugali wetu, sikuiacha. Nimepunguza tonge, nikaongeza mboga, basi. Mgonjwa wa figo asinifuate katika mboga na ndizi bila kuuliza, kwa sababu ya ile potasiamu.

Jipime uzito kila asubuhi baada ya kukojoa, kabla ya chai, nguo zilezile. Ukipanda kilo 2 ndani ya siku 3, viatu vikaanza kubana, au ukahitaji mto wa pili na wa tatu ili upumue usiku, ni maji, si kunenepa. Mwone daktari siku hiyohiyo, usisubiri randevu.

Kutembea kunaponya, lakini vilima vyetu vinahitaji akili. Wiki za kwanza nilitembea kwenye tambarare tu, nikipanda gari mpaka huko. Kipimo nilichopewa ni cha maneno: ukiweza kuongea sentensi nzima bila kukatika, mwendo ni sawa, ukiweza neno mojamoja, simama. Kwa walio na ndoa, wengi hurudia faragha wakiweza kupanda ngazi za ghorofa mbili bila kukosa pumzi wala kuumwa kifua. Mwanamume anayetumia trinitrini au nitrati nyingine ya kifua asiguse vile vidonge vya nguvu vinavyouzwa barabarani. Vikikutana, tansiyo inaweza kuporomoka mpaka kufa.

Woga nao ni sehemu ya ugonjwa. Miezi miwili nilikuwa naamka saa kumi ileile, naweka mkono kifuani na kuhesabu. Nililia nikipika, nililia nikisuka watoto. Nilipomwambia daktari, aliuchukulia kwa uzito kama alivyochukua tansiyo, akaniuliza usingizi na hamu ya kula, akaniomba nije na mdogo wangu. Mwambie wako. Huzuni inayokaa humfanya mtu aache dawa zake bila kelele.

Karatasi ile ya kabatini hubadilishwa kila ninapotoka kwa daktari, siku hiyohiyo, kabla sijavua viatu. Ya zamani inachanwa, ili usiku isije ikachukuliwa karatasi isiyo sahihi. Tarehe inaandikwa juu kabisa, kwa herufi kubwa. Na kiti cha plastiki kinakaa nyuma ya mlango. Mgeni akikivuta ili akikalie, watoto humletea kingine.